Naomba ushauri: kumpandisha mama Jebel Hafeet kwa gari kuukuu

Wakuu, habari zenu. Hasa ninyi mnaoishi Al Ain, huku Falme za Kiarabu, naombeni msaada.

Nipo hapa mwaka wa pili. Kila nikitoka kazini nauona ule mlima wa Jebel Hafeet umekaa kusini mwa mji, mkavu, hauna hata mti wa kujificha jua, na usiku taa za barabara zinapanda kama nyoka. Sijawahi kufika juu. Sasa mama anakuja Desemba kutoka Tanga, na picha nilizomtumia zimeniponza: anautaka mlima!

Barabara najua ni ya lami mpaka karibu na kilele, kama kilomita 12 za kona tupu, na kilele kina mita 1,200 na ushee. Tatizo ni gari langu. Ni la automatiki, la zamani, na Agosti lilichemsha kwenye foleni tu, tambarare kabisa. Fundi kabadilisha rejeta, anasema limepona. Mafundi nao mnawajua.

Je, Desemba litapanda bila shida? Na kushuka, niweke gia ndogo njia nzima ili breki zisipate moto, au nisimame kwenye maegesho ya njiani zipoe?

Halafu mama ana presha na magoti. Nilifikiria tuanzie Mubazzarah, ile bustani ya chemchemi za moto pale chini, aloweke miguu kwenye maji ya moto, tupande saa kumi jioni tuwahi machweo. Aliyewahi kupeleka mzee, juu kuna upepo wa kubeba sweta? Mama atakuja na kanga tu, namjua.