Mtafsiri kaniharibia Kadhal Desam, nyimbo kakata zote na mwisho katunga wa kwake!!

Wakuu habari za jumapili, mi yangu sio nzuri.

Nina hasira tangu jana usiku na bora niandike hapa kabla sijaenda kule kwenye banda la jamaa aliyeniuzia muvi kuongea maneno ambayo nitayajutia. Mi nilisoma Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India, miaka mitatu hosteli Mbongo peke yangu kwenye kolido zima, na jamaa niliyekuwa nakaa nae chumba kimoja ndo alinionyesha Kadhal Desam, muvi ya 1996 ya dairekta anaitwa Kathir. Yeye alikuwa anaijua yote kichwani, mtu anafungua mdomo kwenye skrini yeye kashasema. Wale vijana wa kule wanaitana "machan", neno la shemeji kabisa kwa asili yake, ila mshikaji akikuita hivyo ujue umeshakuwa mtu wa ndani. Mi niliitwa machan mara ya kwanza usiku uleule tunaangalia ile muvi kwenye laptopu imechoka, feni inazunguka, joto kama Tanga ya mwezi wa pili. Kwahiyo mnielewe.

Sasa wife nimemjaza maneno kuhusu hii muvi tangu enzi za uchumba. Juzi napita kwa jamaa wa laibrari ya muvi nikauliza tu kiutani, akasema ipo na imetafsiriwa, akanitilia kwenye flashi kwa buku. Nikafurahi kama mtoto. Jana nikabeba chipsi kuku, nikaita na watoto wa dada, taa tukazima.

Dakika ya kwanza tu mtafsiri anasema "hapa tupo Mumbai, wanaongea Kihindi chao." MUMBAI IPI? Ile ni Madras, mji ambao mwaka huohuo wa 96 ndo ulibadilishwa jina ukawa Chennai. Na hakuna Kihindi pale, ni Kitamil, lugha ina herufi zake na maandishi ya zaidi ya miaka elfu mbili, na hawa watu mwaka 1965 waliingia barabarani kukataa kuletewa Kihindi kwa nguvu mpaka watu wakafa. Ukimwambia Mtamil anaongea Kihindi ni sawa na kumtukania bibi yake. Nikasema potelea mbali, tuendelee.

Stori yenyewe ipo hivi kwa ambao hamjaiona. Kuna vyuo viwili, Loyola na Pachaiyappa's, ni vyuo vya kweli vipo mpaka leo. Arun (kaigiza Abbas, ndo muvi yake ya kwanza) ni mtoto wa kishua yupo Loyola, Karthik (Vineeth, yule mcheza ngoma mzuri sana) hana mbele wala nyuma yupo Pachaiyappa's. Kwenye muvi vyuo vina bifu la kupigana kabisa, na katikati ya vurugu Karthik anamuokoa Arun ambae kwa hesabu za pale ni adui. Hapo ndo urafiki unazaliwa, yani mtu kakuokoa bila kukudai kitu na wala hamjuani vizuri. Hiyo ndo nguzo ya muvi nzima. Sasa mtafsiri wetu kasemaje? Kasema ni NDUGU WA BABA MMOJA WALIPOTEZANA UTOTONI. Wakuu! Kaona ni muvi ya India basi lazima ndugu wapotezane. Ukishawafanya ndugu hakuna tena muvi, kwasababu ndugu kumuokoa ndugu si ni wajibu wake, hapo wa kumsifia nani?

Tukaja kwenye nyimbo. Muziki ni wa A. R. Rahman, huyuhuyu ambae 2009 alikuja kubeba Oscar mbili usiku mmoja. Nyimbo zote zimekatwa. Zote! Muvi za Kitamil za wakati ule zinapita masaa mawili na nusu, kopi yangu ina lisaa limoja na dakika hamsini, hesabu mwenyewe. Kuna ule wa Ennai Kaanavillaiye, wa majonzi, sauti ya marehemu S. P. Balasubrahmanyam, pale ndo unajua mtu kashapenda na kashapotea, maana hamna mazungumzo yanayokwambia hivyo, wimbo ndo unakwambia. Umekatwa. Mtafsiri anasema "hapa wanaimba imba tu tuwapeleke mbele."

Afu kuna Mustafa Mustafa. Hapa ndo nilisimama kwenye kochi. Huu Rahman kaimba mwenyewe, ni wimbo wa kumwambia rafiki asihofu, na kule siku wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaagana chuoni huu wimbo ukipigwa wanaume wazima wanalia. Nimelia nao, sioni aibu. Kaacha kama sekunde kumi, kasikia Mustafa Mustafa, basi kuanzia pale Karthik akawa anaitwa MUSTAFA mpaka muvi inaisha. Mtoto wa dada akauliza "anko, kwani huyu Muislamu? mwanzo si alikuwa anaitwa jina lingine?" Nitamjibu nini?

Sitaki kuficha, muvi ina mapungufu yake, Abbas kwenye sini za hisia kama mbao hivi na kuna utani wa mule sasa hivi hauchekeshi. Ila mwisho wake nautetea popote. Wote wawili wanampenda Divya (Tabu, mzuri mpaka basi), urafiki unaingia mdudu, wanageukiana, na wewe umekaa roho juu unasubiri amchague nani. Na Divya anawaambia anawapenda wote wawili, akichagua mmoja atampoteza mwingine, kwahiyo hachagui. Wanabaki marafiki. Usiku ule hosteli tulibishana mpaka saa tisa, wengine wanasema dairekta muoga, mi nasema yule binti ndo mwenye akili peke yake mule ndani.

Mtafsiri kaikata kabla Divya hajafungua mdomo, akatangaza kwa sauti ya mechi: "Divya akamchagua Arun, Mustafa akaenda zake Dubai kutafuta maisha, mwisho wa muvi!"

Kuna mtu atakuja kusema ni kazi za watu, wanatafuta riziki. Sawa, na mi sijaanza leo kuangalia za kutafsiriwa, nimekulia vibanda umiza, wapo wanaojua na ukiwasikiliza unasahau kama kuna lugha nyingine pale chini. Ila kama hujaelewa anachosema staringi, nyamaza aongee! Nyamaza tu!

Mwenye kopi ina nyimbo zote na maandishi ya chini, hata ya Kiingereza, anicheki, nitalipa. Buku yangu nimeshaisamehe. Wife asubuhi ananimiminia chai kaniuliza, "Hivi yule Mustafa huko Dubai alipataga kazi?"