Tupeane uzoefu: Waliowahi kufuga vipepeo nyumbani na watoto

Habari zenu wakuu. Naanzisha uzi huu kwa sababu nimebanwa na swali nyumbani.

Binti yangu wa miaka sita aliokota viwavi wanne kwenye mlimau, wale ambao wakiwa wadogo utadhani ni kinyesi cha ndege: weusi, wana baka jeupe mgongoni. Tukawatia kwenye kopo, mdomo tukaufunga kwa kipande cha chandarua. Kila asubuhi, hajanawa uso, keshakwenda kuwahesabu. Walipojivua ngozi na kuwa kijani akawapa majina. Kisha akagundua kwamba ukimgusa mmoja, nyuma ya kichwa kinachomoza kipembe cha panda mbili, rangi ya chungwa, chenye harufu ya kukereketa pua. Basi hakuna mgeni aliyepona, kila anayeingia lazima anusishwe.

Watatu walitoka vipepeo safi. Pupa ya wa nne, yaani lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, ikaanza kupauka, haitikisiki hata ukiigusa. Juzi nakuta kitobo ubavuni, kama kilichotobolewa na sindano, na humo koponi wamejaa vinyigu ambao mmoja hafiki milimita tatu. Wengine walishapenya matundu ya chandarua. Mtoto akaja na swali: "Baba, Kijani yuko wapi?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Mliofuga, kwenu ilikuwaje?

Mama Mapacha: Pole mkuu, hao nawajua. Nyigu huyo humvizia kiwavi akishajifunga uzi na kutulia. Akigeuka pupa, ganda likiwa bado bichi, anatoboa na kutaga mayai ndani. Mabuu yakianguliwa yanamla kwa ndani. Mtu hawamwumi, usiwaogope. Mimi wangu niliwaambia ukweli palepale. Walilia, halafu wakaenda kucheza. Siku hizi tunaanzia kwenye yai: tunatafuta majani machanga, yai ni kiduara cha manjano kama kichwa cha pini, mara nyingi liko peke yake. Wakikulia ndani tangu hapo, nyigu hawapati nafasi sana. Na raha nyingine ni kumwona kiwavi akitoka, maana chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake.

Fundi Kimya: Mimi niliwaua kwa maji. Niliweka vitawi kwenye glasi ya maji ili majani yasinyauke, usiku wakashuka na kijiti hadi majini. Asubuhi watatu wanaelea. Sasa natumia chupa yenye mdomo mwembamba, naziba kwa pamba. Kinyesi nacho kitoe kila siku, kisiote ukungu.

Bibi Majani: Ongezeni dawa kwenye orodha ya wauaji. Nilinunua mche, muuzaji akaniapia haujapulizwa kitu. Jioni viwavi wanajinyonganyonga na kutema ute wa kijani, na mjukuu kasimama hapo anatazama. Kuosha majani hakusaidii, kwa sababu kuna dawa zinazonyonywa na mmea zikakaa ndani ya jani. Mche wa kununua nauacha mwezi mzima, kisha namjaribu kiwavi mmoja kwanza.

Shangazi Zamu: Mimi niliitwa mbio jikoni, "Shangazi, kipepeo anatoka damu!" Nafika naona matone mekundu ukutani, na mimi nikashtuka vilevile. Kumbe ni taka alizozikusanya mwilini muda wote aliokuwa ndani ya pupa, akitoka anazimwaga. Waandaeni watoto mapema.

Kaka wa Tano: Hii yangu inauma kidogo. Kijana wangu alimwona kipepeo anahangaika kutoka, akamhurumia, akambandua ganda kwa kucha. Akaanguka chini mbawa zikiwa zimekunjamana, hana pa kujishikilia. Kipepeo akitoka anatakiwa aning'inie, asukume maji ya mwili kwenye mishipa ya mbawa mpaka zinyooke, halafu zikauke. Akichelewa, zinakauka na mikunjo yake. Basi hakuruka kamwe. Tukamtunza: pamba iliyolowa maji ya sukari, unamsimamisha juu yake. Kipepeo huonja kwa miguu, kwa hiyo akishakanyaga utamu anaukunjua ule mrija wake polepole, kama utepe wa fundi cherehani. Kijana alikuwa analala kifudifudi, kidevu sakafuni, kumwangalia akinywa. Alikaa siku nane. Hao walioruka salama kijana hata hawakumbuki, ila huyu anamkumbuka mpaka leo.

Fundi Kimya: Kaka, ndiyo maana mimi naweka vijiti vya kukwaruza ndani ya kopo. Kuta za plastiki zinateleza, akianguka ndiyo basi tena.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni wakuu. Nimemweleza jana jioni. Nilimwonyesha ganda lile lenye kitobo, akalishika, akachungulia ndani kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akanyamaza sana. Halafu akauliza kama nyigu nao wanaruhusiwa kupewa majina. Nikasema ndiyo, bila kufikiri. Wako zaidi ya arobaini, na asubuhi hii alikuwa amefika wa kumi na moja.