Naomba ushauri: tuwapeleke wanafunzi bungeni siku ipi?
Ndugu walimu wenzangu, ninafundisha somo la uraia na nimepewa jukumu la kuwapeleka wanafunzi 40 bungeni ili wajifunze jinsi sheria zinavyotungwa. Kinachonitatiza ni kuchagua siku. Katika mabunge yanayofuata mfumo wa Uingereza, muswada unaposomwa kwa mara ya kwanza husomwa jina lake tu bila mjadala. Tukifika siku hiyo, watoto wataondoka wakidhani kwamba kutunga sheria ni kusoma kichwa cha habari na kugonga meza. Mjadala wenyewe huja muswada unaposomwa kwa mara ya pili, na uchambuzi wa kifungu kimoja baada ya kingine hufanyika katika kamati, ambako, kwa maoni yangu, ndiko sheria inakopikwa hasa. Je, niombe nafasi katika kikao cha kamati, au sehemu ya wageni ukumbini inawatosha wanafunzi wa miaka 14, ambao subira yao mnaijua? Aidha, aliyewahi kuwaandaa wanafunzi kwa kuigiza bunge darasani kabla ya safari, naomba anieleze kama zoezi hilo liliwasaidia. Barua ya maombi natakiwa kuiwasilisha kabla ya mwisho wa mwezi huu.