Naomba ushauri: hifadhi za bure mtandaoni na filamu za utamaduni wa jadi kwa watoto wanaosoma nyumbani

Mama Watatu (North Carolina) – mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu, na wakubwa wote mlio humu shikamooni.

Sisi ni familia ya Kitanzania, asili yetu Tanga, tunaishi Marekani. Watoto wetu watatu wanasoma nyumbani. Wa kwanza ana miaka 13, wa pili 9, kitinda mimba 6. Taratibu za jimbo tumezifuata, mtihani wa kila mwaka tunaujua, na hisabati na sayansi zinakwenda vizuri. Ninapokwama ni historia na utamaduni. Vitabu tulivyonunua vimejaa marais, vita na tarehe. Watu wa kawaida hawamo: mvuvi, mkulima, mafundi wa reli, kina mama wanaoimba wakifanya kazi. Na habari za kwetu ndiyo hazipo kabisa, Afrika Mashariki nzima imepewa kurasa mbili zenye picha ya simba.

Nataka wanangu wajue watu wa huku wanakokulia na watu wa kule walikotoka, kwa sauti na nyuso za watu wenyewe. Naomba mnisaidie: hifadhi gani za mtandaoni ni za bure kweli, si za kujaribu wiki moja kisha unadaiwa? Na mnazitumiaje ziwe somo, si kumkalisha mtoto mbele ya skrini ili mama apate kupika? Baba yao anasema filamu za zamani, tena nyeusi na nyeupe, zitawachosha.

Baba Asha (Minnesota)

Dada, uko North Carolina halafu unauliza? Umekaa juu ya kisima!

Anza na Folkstreams. Ni tovuti iliyoanzishwa na Tom Davenport, mtengeneza filamu wa Virginia, pamoja na Daniel Patterson, profesa wa fasihi simulizi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, hapo hapo Chapel Hill. Walikusanya filamu za wasanii huru zilizokuwa zinaozea kabatini kwa sababu hazikuwa na pa kuonyeshwa. Nyingine ni dakika 18, nyingine 50, vipimo ambavyo televisheni haina nafasi navyo, na habari zake ni za watu wasio na jina: wafinyanzi, washona mablanketi ya viraka, waimbaji wa makanisa ya kijijini, wavuvi. Huhitaji kujisajili wala kulipa. Na kilichonifurahisha zaidi mimi ninayefundisha nyumbani ni kwamba filamu nyingi zina ukurasa wenye maelezo ya usuli na maandishi ya maneno yote yanayosemwa. Mtoto anaposhindwa kuelewa lafudhi ya mzee wa Alabama, anasoma.

Kwa huyo wa miaka 13 anza na *A Singing Stream* ya mwaka 1986. Inahusu familia ya Landis ya Granville County, jimboni kwenu. Bertha Landis, mama mwenye familia kubwa, anasimulia walivyolima, walivyosali, na wanawe walivyokuwa waimbaji wa injili. Miaka mingi ya historia ya watu weusi wa Kusini imo ndani ya ukoo mmoja, na siku mkitaka mnapanda gari kwenda kuiona hiyo wilaya.

Kisha *Gandy Dancers* ya 1994, kama nusu saa hivi. Hao ni wazee wastaafu wa Alabama waliokuwa wakitengeneza njia za reli kabla mashine hazijachukua kazi. Reli ikihama mahali pake, wanaume walijipanga na mitaimbo, kiongozi akaimba mstari, wengine wakasukuma wote kwa pigo moja. Kila mtu akisukuma kwa wakati wake, chuma hakisogei. Mimi niliisimamisha kabla wazee hawajaeleza, nikawauliza wanangu: "Kwa nini wanaimba?" Wakajibu ati kujifurahisha. Nikawapeleka kusukuma kochi kubwa, kwanza bila wimbo, halafu kwa wimbo. Hawakuhitaji maelezo tena, na jioni ile hakuna aliyesema neno juu ya rangi ya filamu.

Mwalimu wa Fasihi (Kilifi)

Mama Watatu, hongera kwa moyo huo. Naongeza juu ya alichosema Baba Asha, maana hapo kwenye reli ndipo penye daraja la kuvukia kuja kwetu.

Huku shuleni Kenya tunafundisha nyimbo za kazi, hodiya, na ndani yake kuna kimai za shughuli za majini na wawe za wakulima. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wakikariri majina hayo kwa ajili ya mtihani bila kuzisikia hata mara moja. Nilipoanza kuwachezea rekodi, mambo yalibadilika. Sasa wewe una watoto ambao wameshaona wazee wa Alabama wakisogeza chuma kwa wimbo. Wapeleke moja kwa moja kwenye wavuvi wanaokokota jarife ufukweni Tanga. Waulize: nani anaanzisha, nani anaitikia, pigo la wimbo linaangukia wapi mwili unapovuta? Kwa mtoto wa 9 hilo ni somo la wiki nzima.

Kwa sauti za Afrika nenda ILAM, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Ilianzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954. Mapema miaka ya 1950 alizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na Kongo na mitambo yake akirekodi ngoma, zeze, marimba, nyimbo za harusi na za kazi. Orodha yake unaweza kuitafuta kwa nchi, kwa kabila au kwa ala.

Ila nakuomba usiwape watoto rekodi hizo bila kuzungumza nao kwanza. Zilichukuliwa wakati wa ukoloni. Majina ya makabila mara nyingi yameandikwa kama mgeni alivyoyasikia, na mwimbaji mara nyingine hatajwi hata jina. Mtoto wa miaka 13 ameshafikia umri wa kuuliza: nani alishika kinasa sauti? Nani alichagua wimbo upi urekodiwe? Aliyeimba alipata nini? Akijifunza kuuliza hivyo, rekodi inamfundisha mara mbili.

Mama Watatu – mwanzisha uzi

Shikamoo mwalimu. Nimesoma majibu yenu kwa sauti hapa mezani, baba yao akiwemo! Nimeangalia filamu ya familia ya Landis usiku watoto wakiwa wamelala, nikalia. Yule mama anazungumza kama bibi yangu wa Pangani, lugha tu ndiyo tofauti.

Huyu wa miaka 6 je? Dakika 50 hatakaa.

Mama Furaha (Kentucky)

Aksanti kwa huu uzi, dada. Mimi ni wa Bukavu, nafundisha wanne nyumbani.

Huyo mdogo mpe *Pizza Pizza Daddy-O*, ipo hapo hapo Folkstreams. Ni ya miaka ya 1960, dakika kama 18 tu. Bess Lomax Hawes na mwenzake waliwarekodi wasichana weusi kwenye uwanja wa shule Los Angeles wakicheza michezo yao ya kuimba na kupiga makofi. Mwanangu wa miaka 7 aliitazama mara moja, akasimama katikati ya sebule kucheza nao. Halafu tukampigia simu shangazi yake Bukavu amfundishe michezo ya kwetu. Wewe una ukuti, una mdako, una rede. Cheza nao, mama, usiwaeleze tu.

Jambo jingine ni UNESCO. Orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika ina ukurasa kwa kila kilichoorodheshwa, wenye picha na mara nyingi video ya dakika kama 10. Utakuta ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingizwa 2014, na rumba yetu ya Kongo, 2021. Kuna isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, mila za makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga, Uganda. Bigwala na isukuti zimewekwa kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka, na hapo unapata swali zuri la mtoto mkubwa: kitu cha jadi hufaje, na nani anaweza kukizuia kisife?

Kwa kusoma kuna African Storybook, hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, bure, na unaweza kupakua au kuchapisha. Wanangu wametunga hadithi zao humo.

Kinyozi wa Arusha

Samahani, mimi naona tofauti kidogo. Utamaduni si kitu cha kutazama. Mtoto akikaa mbele ya kompyuta kuangalia ngoma atakuwa mtazamaji maisha yake yote. Watoto wangu nawapeleka kwa babu yao likizo, wanachunga, wanasikia hadithi, basi. Hakuna tovuti inayoweza kuchukua nafasi ya babu.

Mwalimu wa Fasihi (Kilifi)

Ndugu, hilo nakubaliana nawe kabisa kwa aliye na babu karibu. Lakini Mama Watatu yuko upande wa pili wa bahari, na nauli ya watu watano si mchezo. Tena hata sisi tulio nyumbani, babu wa leo si lazima awe aliimba kimai. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtunzi mzuri wa nyimbo za harusi, akafariki bila mtu kurekodi hata moja. Laiti ingekuwapo hifadhi yenye sauti yake, ningeitembelea kila siku. Rekodi haishindani na babu. Inamfanya mjukuu awe na la kumuuliza.

Bibi wa Muscat

Wanangu, na mimi niingie kidogo. Wajukuu zangu hapa Oman wanasoma Kiarabu vizuri, Kiswahili wanakisikia nyumbani tu. Mmoja wao nilimfungulia hati za kale za Kiswahili zilizoko chuo cha SOAS, London, ambazo zimewekwa mtandaoni. Zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alishangaa kuona anaweza kuzisoma, kisha akashangaa tena kuona baadhi ya sauti zetu, kama p na ch, waandishi wa zamani walilazimika kuzitafutia herufi ya karibu, na wewe msomaji unakisia. Tulikaa na beti chache mpaka adhana ya magharibi.

Ukiwa na binti mkubwa, msomeeni utendi wa Mwana Kupona wa Pate, wa mwaka 1858. Mama mgonjwa anamuandikia binti yake wosia. Si yote atakayoyakubali msichana wa leo, na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa matamu. Mwache abishane nao.

Mkutubi (Nairobi)

Naongea kama mtu wa maktaba. Mambo ambayo wazazi huyasahau:

Bure kutazama si sawa na ruhusa ya kunakili. Filamu za Folkstreams bado ni mali ya waliozitengeneza. Tazameni nyumbani kwa raha zenu, lakini usizipakue ukazigawa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tuma kiungo. African Storybook leseni yake ni huria, hizo gawa na kuchapisha, mradi utaje mwandishi. Internet Archive, hifadhi nyingine ya mtandaoni, imechanganyika, kwa hiyo soma masharti ya kila kitu peke yake.

Tazama kwanza mwenyewe, kila mara. Hizi si filamu za watoto. Utakutana na mazishi, uchinjaji, gereza, ibada za watu wanaoshika nyoka wenye sumu, na maneno ya zamani ya kudhalilisha watu weusi. Kwa mkubwa ni mambo ya kujadili, kwa wa miaka 6 siyo.

Kwa huyo wa 13, Maktaba ya Bunge la Marekani ina sauti za watu waliozaliwa utumwani, zilizorekodiwa kuanzia mwaka 1932, zikiwa na maandishi. Ni nzito. Ukae naye, usimwachie asikilize peke yake. Kitabu kitamwambia utumwa ulikuwepo, lakini kumsikia mzee akivuta pumzi kabla ya kulitaja jina la aliyemmiliki ni jambo jingine.

Na chukua kadi ya maktaba ya mtaani kwako. Maktaba nyingi huko Marekani hulipia Kanopy, tovuti ya filamu, kwa niaba ya wanachama, kwa hiyo unapata filamu nyingine nyingi bila kutoa senti.

Mama Watatu – mwanzisha uzi

Mungu awabariki nyote. Bibi wa Muscat, shikamoo, binti ameshaanza kubishana na Mwana Kupona!

Tumeamua hivi: filamu moja tu kwa wiki, naitazama mimi kwanza, tunaisimamisha penye swali, na siku ya pili tunafanya kitu kwa mikono au kwa sauti. Jumamosi tunampigia bibi yao Tanga kumuuliza la kwetu linalofanana. Mkubwa anataka kumrekodi bibi akisimulia kazi za mkonge. Kuna utaratibu wowote, au tubonyeze tu simu?

Mkutubi (Nairobi)

Msibonyeze tu. American Folklife Center, kitengo cha hiyo hiyo Maktaba ya Bunge, wana kijitabu cha bure kiitwacho *Folklife and Fieldwork*, cha Peter Bartis, kinachoeleza kazi hii tangu kuandaa maswali hadi kuhifadhi. Mpe kijana akisome chote kabla.

Kwa kuanzia: bibi aombwe idhini, na aulizwe nani aruhusiwe kusikiliza. Mwanzo wa rekodi kijana ataje jina la bibi, mahali, tarehe na jina lake mwenyewe. Aulize maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na asimkatize bibi akinyamaza. Simu ya WhatsApp hukatakata sauti, kwa hiyo kama kuna binamu Tanga, akae na bibi arekodi huko kwa simu yake huku kijana akiuliza. Faili la asili lisihaririwe, liwekwe sehemu mbili tofauti. Mkonge una maneno yake mengi ya shambani na kiwandani. Aandike kila neno asilolijua, amrudie bibi nalo simu inayofuata.