Busara, umaizi au ung'amuzi: lipi hasa ni neno la jicho kali?

mfasiri_wa_usiku
Habari zenu wadau. Natafsiri hadithi na tangu juzi nimekwama kwenye neno moja. Muuguzi anamtazama mzee akifunga vifungo vya shati. Mzee kaja kulalamikia kukosa usingizi, hajataja kingine. Akifika kifungo cha tatu, kidole gumba kinateleza, kinarudi, kinateleza tena, mpaka mkono wa pili unakuja kusaidia, na mzee anaendelea kuzungumza kama hakuna kitu. Wenzake wote wanasikiliza habari za usingizi. Yeye kaona kidole, akaenda kumwita daktari.

Niliandika "muuguzi mwenye busara". Mhariri kaikata: busara, anasema, ni ya mtu anayepatanisha ugomvi. Limeniuma, maana nilifundishwa kwamba asili ya busara ni kuona. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama si busara, niandike nini?

mchimba_mizizi
Asili umeipata, ndugu. Mzizi ni wa Kiarabu, b-s-r, wa kuona. *Basar* ni kuona kwa macho, *basira* ni kuona kwa moyo. Al-Basir, Mwenye kuona, ni katika majina ya Mwenyezi Mungu. Hata kipofu Waarabu humwita *basir* kwa kumstahi, na mimi kila nikilikumbuka hilo naguswa. (Usilichanganye na "bashiri". Hilo lina mzizi wake, b-sh-r, wa kuleta habari njema.)

Lakini neno likishahamia hufuata wenyeji. Kijana akitukanwa akanyamaza, tunasema katumia busara. Hapo hakuna alichokiona kuliko wengine, kajizuia tu. Na kujizuia ndiko kulikomo ndani ya akili na hekima tangu huko zilikotoka: *iqal* ni kamba ya kumfungia ngamia mguu asitoroke, *hakama* ni sehemu ya lijamu inayoshika taya za farasi. Busara ilianza machoni, kwetu ikahamia kwa hawa wenye kamba. Mhariri wako anasikia Kiswahili cha leo, na hajakosea.

mwalimu_mstaafu
Mwanangu, chukua "umaizi". Limetokana na *mayyaza*, kutenganisha hiki na kile. Katika fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, mtoto aliyefikia kupambanua mambo, aghalabu wa miaka 7, huitwa *mumayyiz*. Sasa mtazame muuguzi wako: vifungo viwili vimefungika, cha tatu kimekataa. Wengine wameona mzee anavaa shati, yeye katenga kifungo kimoja na vingine. Huo ndio umaizi, wala sioni neno jingine linalolingana nalo hapo.

msomaji_tu
Na ung'amuzi je? Angalau hilo halikuazimwa Uarabuni.

mfasiri_wa_usiku
Ng'amua nalipenda sana kama kitenzi, lina sauti ya kitu kinachofunguka. Tatizo ni nomino. Wahakiki wa fasihi wanaposema "ung'amuzi bwete" wanakusudia ile sehemu ya akili iliyofichika, na wasomaji wangu wengi wamepitia madarasa hayo. Nahofia wataanza kumchambua muuguzi badala ya kumtazama. Werevu nao nimeuacha mapema, kwa sababu mwerevu siku hizi yuko hatua moja tu na mjanja.

Mwalimu, shikamoo na ahsante. Maneno yako ya kifungo kimoja na vingine yamenifanya nikeshe. Nilijaribu "muuguzi mwenye umaizi", nikaona bado namsifu tu, simwonyeshi akifanya kazi. Nikarudi kwenye kitenzi: "Kifungo cha tatu kilipokataa, muuguzi alimaizi." Mhariri kaipitisha leo asubuhi bila kugusa herufi.

Busara sikuitupa. Nimempa daktari, ukurasa unaofuata, pale anapovuta kiti, anakaa usawa wa macho ya mzee, anamwomba afungue vifungo na kuvifunga upya taratibu, bila kumtisha.