Kura ya kumuua Cody: mbona lawama zote anabebeshwa Dobbs?

Mleta mada: Wakuu, nimerudia kuitazama filamu ya The Treasure of the Sierra Madre, ile ya 1948 ya John Huston, na nimeamka na ubishi. Kwa ambao hawajaiona: Wamarekani wawili waliofulia, Dobbs (Humphrey Bogart) na Curtin, wako Tampico, Meksiko, mwaka 1925. Wanaungana na mzee Howard kwenda kuchimba dhahabu mlimani. Wanaipata. Wasiwasi unamwingia Dobbs hadi anampiga Curtin risasi na kukimbia na mzigo wote.

Wengi huishia hapo: tamaa ilimla Dobbs, basi. Cody je? Yule Mtexas aliyewafuata mlimani, akawaambia wachague: wamuue, wamfukuze akawachome kwa serikali, au wamshirikishe. Wakakaa kikao watatu, wakapiga kura, ikaamuliwa auawe. Wakamwendea na bastola. Kilichomponya ni majambazi kutokea bondeni, na ni risasi ya hao hao iliyommaliza. Leo Howard anaishia kuwa mganga anayeenziwa kijijini, Curtin anaelekea kwa mjane wa Cody, nasi tunawaona waungwana!

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unamwonea Curtin. Ndiye aliyetaka mjane apewe fungu, Dobbs akamcheka. Majuto si kitu?

Mleta mada: Alijuta baada ya kusoma barua ya mke iliyokutwa kwa maiti. Kabla ya barua alishika nini mkononi?

Mchangiaji wa pili: Mimi nasema dhahabu inabadilisha mtu kabisa. Mnakumbuka ule ugomvi wa baa? McCormick, mkandarasi aliyewaajiri, kawadhulumu ujira wao, wamembonda mpaka yuko chini. Dobbs anafungua pochi ya jamaa, imenona, anahesabu chao tu. Zilizobaki hazigusi. Huyo hakuwa mwizi.

Mchangiaji wa tatu: Nimewahi kukaa machimboni. Shida huwa si dhahabu, shida ni mgao. Sisi viroba vya mawe tulivilinda pamoja, kila mtu anaviona, mpaka siku ya kugawana. Wale waligawana kila jioni, kila mmoja akaenda kuficha chake. Ndiyo maana Curtin anaona mjusi wa sumu kajichimbia chini ya jiwe, anataka kulibinua, kumbe ndipo Dobbs alipoficha. Dobbs akamtolea bastola! Curtin akamwambia, haya, ingiza mkono wewe. Hakuthubutu. (Nilicheka, halafu nikakumbuka watu ninaowajua.)

Mleta mada: Hoja ya mgao naikubali, na inawakaba zaidi. Cody hakutaka hata punje ya walichokwisha kuficha. Aliomba fungu la kitakachochimbwa kuanzia siku ile, na nguvu zake zingeingia humo. Bado jibu likawa risasi. Anayemtetea Howard anijibu hapo.