Mjadala: Wasichana wabaki katika kundi la skauti, au wafunguliwe la Girl Guides?

Kiongozi wa Kundi, Kilifi

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaongoza Chipukizi, yaani skauti wa kuanzia miaka 11 hivi, katika shule moja ya mseto, na kundi letu lina wavulana 22 na wasichana 14. Kamati ya wazazi imependekeza kwamba wasichana waondolewe na kufunguliwa kundi la Girl Guides, chama cha wasichana watupu, kwa sababu haipendi walale kambini, hijabu haiendani na sare, na skauti kwa mila yake ni ya wavulana. Kambini mahema ya wasichana huwa upande wao, na mwalimu wa kike hulala nao. Mwezi wa Februari tunatarajia kwenda Nyeri, kwenye kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, nami sijui kama nitakwenda na kundi zima. Naomba ushauri wenu.

Mzazi wa Gredi ya 7

Mwalimu, kazi yako naiheshimu, lakini kamati imesema kweli. Skauti ilianzia kisiwani Brownsea mwaka 1907, na waliopiga kambi pale walikuwa wavulana watupu. Hata Marekani hawakuwapokea wasichana hadi mwaka 2019, baada ya zaidi ya miaka 100. Binti yangu akienda Girl Guides atajifunza kupika na kutunza nyumba pamoja na wenzake, badala ya kushindana na wavulana kupasua kuni.

Mwamba wa Zamani, Nairobi

Naomba nijibu hilo la kupika, kwa maana limeniuma. Mzee, wewe umeitaja mila. Basi na tuisome. Katika masharti ya skauti wa daraja la pili aliyoyaandika Baden-Powell mwenyewe, akiwaandikia wavulana, kijana alitakiwa kupika robo ratili ya nyama na viazi viwili bila chombo chochote isipokuwa kisufuria chake cha kambini. Anayesema kwamba jiko ni la wasichana hajaitetea mila ya skauti, bali ametuletea mila ya nyumbani kwake na kuivisha skafu.

Nakumbuka kambi moja pale Rowallan, uwanja wa kambi za skauti hapa Nairobi, mvua ilipotunyeshea usiku kucha na kuni zote zikalowa. Sisi wavulana tulimaliza kiberiti kizima tukipuliza moshi, mpaka macho yakatutoka machozi. Msichana mmoja wa kikosi chetu alichukua kijiti kinene, akakipasua kwa panga, akachonga sehemu ya ndani ambayo maji hayakuifikia, akapata vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, na vikashika moto kwa njiti moja. Ugali aliupika mvulana, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu yake. Huyo msichana ndiye mnayetaka nimwambie kwamba alipotea njia?

Mama wa Nyeri, aliyekuwa Girl Guide

Wanangu, mmenisikitisha nyote wawili, kwa sababu mnaizungumzia Girl Guides kana kwamba ni chumba cha nyuma cha jikoni. Mimi nilijifunza huko kusoma ramani, kufunga mfupa uliovunjika na kusimama mbele ya watu 200 bila kutetemeka. Mwaka 1909, skauti walipokusanyika Crystal Palace jijini London, walitokea wasichana waliokuwa wakijiita skauti, na hakuna aliyekuwa amewaalika. Mwaka uliofuata wakaanzishiwa Girl Guides chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Kwa hiyo wasichana hawakuingia juzi, mzee wangu, wala chama chao hakikuanzishwa kwa ajili ya kufundisha upishi.

Lakini nina swali kwa Mwalimu. Kwetu sisi, kila aliyeongoza alikuwa msichana, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Katika makundi ya mchanganyiko nimeona mara nyingi msichana anapewa daftari aandike mahudhurio, na mvulana anapewa filimbi. Katika hao 14 wako, ni wangapi wanaongoza kikosi?

Mzazi wa Gredi ya 7

Mwamba, nyumba yangu huijui, na si haki kuitia katika maneno yako. Mimi nimewapikia wadogo zangu watano mama yetu alipolazwa, na sijaona aibu. Sikusema kupika ni udhalili. Nilichosema ni kwamba mtoto wangu wa kike akilala nje ya nyumba yangu, nina haki ya kujua nani yuko naye, na hilo hakuna aliyelijibu kwa heshima.

Msomaji, Tanga

Kuhusu Marekani, kabu wa kike, yaani skauti wadogo, walipokewa mwaka 2018, kisha vijana wakubwa zaidi mwaka 2019. Neno “wavulana” waliliondoa katika jina la chama chao mwaka 2025.

Kiongozi wa Kundi, Kilifi

Mzee, samahani kwa kukuacha bila jibu. Swali lako ni la haki, na jina la mwalimu atakayelala na wasichana nitakuletea mwenyewe nyumbani kabla ya safari, pamoja na mchoro wa mahema. Kuhusu hijabu, wasichana walikwisha kutatua: pindo la hijabu huingizwa ndani ya shati, skafu hupita juu yake, na kishikizo hukaza chini kidogo ya kidevu, hata upepo wa baharini hauifungui.

Mama, swali lako limeninyima usingizi. Tuna vikosi sita, na vyote sita vinaongozwa na wavulana. Niliwateua mimi mwenyewe, na sikuwahi kuhesabu. Jumamosi hii kila kikosi kitamchagua kiongozi wake kwa kura za siri, na filimbi zote sita nimeshazikusanya.